Jinsi ya Kupima Uhusiano wa Vigeu Viwili katika Utafiti wa Saikolojia: Mwongozo Kamili

Kukokotoa r, namba kati ya −1 na 1 inayoonyesha vigeu viwili (mambo mawili yanayopimwa na yanayotofautiana kati ya watu) vinakwenda pamoja kiasi gani, ni kazi ya sekunde mbili. Unaandika fomula moja kwenye Excel, namba inatoka, na wengi huishia hapo. Tatizo ni kwamba namba hiyo hutoka hata kama data ni mbovu, hata kama vigeu viwili ni kitu kimoja kilichopewa majina mawili, hata kama mtu mmoja tu kati ya washiriki wote ndiye aliyeisababisha. Programu haigomi. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye mambo yanayoitangulia namba na yanayoifuata.

Tutakwenda na mfano mmoja: saa za usingizi kwa usiku, na alama za sonona kwenye dodoso la PHQ-9. Dodoso hilo ni la kweli na linatumika sana. Lina maswali tisa, kila swali hupewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla huanzia 0 na kuishia 27. Data nitakazotumia ni za kubuni, tena za watu sita tu, ili uweze kuzikokotoa mwenyewe kwa kalamu.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kugusa data

Liandike kwa sentensi ya kawaida, lenye mwelekeo: "Watu wanaolala saa chache huwa na alama kubwa zaidi za sonona." Taja ni kina nani, kigeu gani kitapimwa kwa chombo gani, na kipimo gani cha uhusiano utakitumia. Weka tarehe, hifadhi. Anayeruka hatua hii hujikuta amekusanya vigeu kumi, akavilinganisha vyote kwa vyote, kisha akaandika nadharia tete (dhana ya kujaribiwa) inayofanana na kile alichokwisha kukiona. Vigeu kumi vina jozi 45. Ukitumia kiwango cha 0.05, yaani kukubali nafasi ya asilimia 5 ya kudanganywa na bahati, hata kama hakuna uhusiano wowote popote, jozi mbili hivi zitaonekana "za maana" kwa bahati tu.

Kuna jambo jingine la kuamua hapa, nalo husahaulika mno. Je, unalinganisha mtu na mtu, au unamlinganisha mtu na yeye mwenyewe siku hadi siku? Majibu ya maswali haya mawili yanaweza kupingana kabisa. Chukua uchapaji kwenye kompyuta. Ukikusanya wachapaji mia moja, wenye kasi kwa kawaida ndio wenye makosa machache, kwa kuwa ni wazoefu. Lakini mchukue mmoja wao umwambie aongeze kasi: makosa yanazidi. Kati ya watu, kasi na makosa vina uhusiano hasi. Ndani ya mtu mmoja, ni chanya. Kama swali lako ni la ndani ya mtu ("nikilala vibaya leo, kesho nitajisikiaje?"), kupima watu mia mbili mara moja moja hakutakujibu. Utahitaji watu wachache wanaopimwa mara nyingi, na mbinu za uchambuzi ambazo haziingii kwenye mwongozo huu. Kuanzia hapa tunabaki na kulinganisha mtu na mtu.

Hatua ya 2: Hakikisha vigeu viwili ni vitu viwili

Hii kwangu ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo isiyofundishwa vya kutosha.

Fungua dodoso la PHQ-9 ulisome swali kwa swali. Swali la tatu linauliza kuhusu kupata shida ya kulala, au kulala kupita kiasi. Umeliona tatizo? Ukichukua jumla ya alama za PHQ-9 ukailinganisha na saa za usingizi, sehemu ya "uhusiano" utakaoupata ni usingizi unaolinganishwa na usingizi. Dawa yake ni rahisi: toa swali la tatu, jumlisha maswali manane yaliyobaki, kokotoa mara mbili, pamoja na swali hilo na bila swali hilo, kisha ripoti zote mbili. Mtego huu umejaa kwenye saikolojia. Baadhi ya vipimo vya wasiwasi huuliza kuhusu kuchoka. Vipimo vya kujithamini na vya kuridhika na maisha huazimana sentensi. Weka madodoso yako mawili mezani sambamba, na upige mstari chini ya kila swali linalojirudia kwa maneno mengine.

Mtego wa pili ni wa chanzo kimoja. Mtu yuleyule, siku ileile, kwenye kiti kilekile, anajaza madodoso yote mawili. Akiwa na siku mbaya atajipa alama mbaya kila mahali: atakumbuka amelala kidogo kuliko alivyolala, na atajiona ana huzuni kuliko kawaida yake. Hali yake ya siku hiyo ndiyo iliyounganisha majibu. Ukiweza, pima kigeu kimoja kwa njia tofauti: kifaa cha mkononi kinachorekodi mjongeo usiku, au shajara inayojazwa kila asubuhi. Usipoweza, tenganisha siku za kujaza. Likishindikana hata hilo, liseme wazi kwenye ripoti.

Halafu kuna uthabiti wa vipimo, yaani kiasi ambacho kipimo hutoa jibu lilelile kikirudiwa, kuanzia 0 hadi 1. Mwaka 1904 mwanasaikolojia Charles Spearman alionyesha kwamba makosa ya upimaji huufifisha uhusiano. Uhusiano utakaouona ni sawa na uhusiano halisi ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha zao la uthabiti wa vipimo viwili. Tuseme uhusiano halisi ni 0.50, na kila kipimo kina uthabiti wa 0.70. Zao lake ni 0.49, kipeuo chake 0.70, kwa hiyo utaona 0.35. Hujakosea hesabu, umepima kwa vyombo vinavyotikisika. Kokotoa uthabiti kwa sampuli yako mwenyewe (alfa ya Cronbach ndiyo wengi huitumia), usinukuu tu ule uliochapishwa na waliotunga dodoso. Unaweza pia kuigeuza fomula hiyo ili kukadiria uhusiano halisi, lakini basi toa namba zote mbili, ile iliyosahihishwa na ile ghafi.

Hatua ya 3: Chagua kipimo kulingana na data

Vigeu vyote viwili vikiwa ni vya namba zenye hatua sawa, kama saa au alama za jumla za dodoso refu, na nukta zao kwenye mchoro (Hatua ya 5) zikifuata mstari mnyoofu, tumia r ya Pearson. Data zikiwa za ngazi, kwa mfano swali moja lenye majibu matano kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", au uhusiano ukiwa unapanda daima lakini kwa mkunjo, tumia rho ya Spearman, ambayo ni r ya Pearson iliyokokotolewa juu ya nafasi za watu badala ya alama zao. Sampuli ikiwa ndogo na watu wengi wamefungana nafasi, tau-b ya Kendall inafaa zaidi.

Kigeu kimoja kikiwa na makundi mawili tu (aliyepata matibabu na asiyepata), yape makundi hayo 0 na 1 uendelee na Pearson kama kawaida. Vitabu huupa uhusiano huo jina lake, lakini hesabu ni ileile. Vyote viwili vikiwa ni makundi, panga hesabu za watu kwenye jedwali, fanya jaribio la kai-mraba, na upime ukubwa wa uhusiano kwa V ya Cramér. Kosa la kuepuka hapa ni kuyapa makundi matatu au zaidi yasiyo na mpangilio namba 1, 2, 3 kisha kuyaingiza kwenye Pearson. Programu itakupa r, na r hiyo itabadilika kila ukibadilisha mpangilio wa makundi.

Hatua ya 4: Pata watu wa kutosha, na wanaotofautiana

Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuugundua uhusiano wa 0.30 kwa kiwango cha 0.05 cha pande mbili (uhusiano uwe chanya au hasi), unahitaji washiriki takribani 85. Kwa uhusiano wa 0.50 wanatosha 30 hivi. Kwa 0.10 utahitaji karibu 780. Hizo ni idadi za kugundua tu kwamba uhusiano upo. Ukitaka namba isiyoyumba kila ukiongeza watu, watafiti Schönbrodt na Perugini walionyesha mwaka 2013 kwamba katika hali za kawaida za saikolojia makadirio huanza kutulia sampuli inapokaribia 250.

Wingi peke yake hautoshi. Ukichukua washiriki wote kutoka kliniki wanakotibiwa wenye sonona kali, wote wana alama za juu, na hakuna nafasi ya kupanda na kushuka pamoja na usingizi. r itadidimia kuelekea sifuri hata kama kwa watu kwa ujumla uhusiano ni mkubwa. Kabla ya kutangaza kwamba hakuna uhusiano, tazama mkengeuko sanifu wa kila kigeu (kiasi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani) uulinganishe na ule wa tafiti nyingine zilizotumia chombo hichohicho.

Hatua ya 5: Chora kwanza

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11. Wastani wa x ni 9 kwa zote, wastani wa y ni 7.5 kwa zote, r ni 0.816 kwa zote. Ukizichora, ya kwanza ni wingu la kawaida lililoinama. Ya pili ni mkunjo safi usio na mstari mnyoofu hata kidogo. Ya tatu ni mstari ulionyooka ulioharibiwa na nukta moja. Ya nne ina nukta kumi zilizosimama wima na moja iliyokaa peke yake mbali, nayo ndiyo iliyotengeneza uhusiano wote.

Kwa hiyo chora mchoro wa mtawanyiko kabla hujakokotoa lolote: kigeu kimoja kwenye mhimili wa chini, kingine kwenye mhimili wa wima, nukta moja kwa kila mtu. Tafuta mkunjo, makundi mawili yaliyojitenga, nukta za pembezoni, na msongamano kwenye kona (watu wengi waliopata 0, kwa mfano). Alama zikiwa chache, nukta nyingi hukaliana mahali pamoja zikaonekana moja. Zitikise kidogo kwa bahati nasibu ili zionekane. Kwenye programu ya takwimu ya R amri ni `plot(jitter(x), jitter(y))`.

Hatua ya 6: Kokotoa

Fanya kwa mkono angalau mara moja katika maisha yako. Hizi hapa data zetu. Wastani wa usingizi ni saa 6, wastani wa PHQ-9 ni 12.

| Mshiriki | Usingizi | PHQ-9 | Tofauti ya usingizi na wastani | Tofauti ya PHQ-9 na wastani | Zao |
|---|---|---|---|---|---|
| A | 4 | 17 | −2 | 5 | −10 |
| B | 5 | 13 | −1 | 1 | −1 |
| C | 6 | 14 | 0 | 2 | 0 |
| D | 7 | 11 | 1 | −1 | −1 |
| E | 8 | 8 | 2 | −4 | −8 |
| F | 6 | 9 | 0 | −3 | 0 |

Jumla ya mazao ni −20. Jumla ya vipeo vya pili vya tofauti za usingizi ni 10; ya PHQ-9 ni 56. Zidisha 10 kwa 56 upate 560, kipeuo chake cha pili ni 23.66. Gawanya: −20 kwa 23.66 ni −0.85. Hiyo ndiyo r.

Tazama safu ya Zao tena. A na E, wawili tu, wametoa −18 kati ya −20. C na F hawakuchangia chochote kwa kuwa usingizi wao uko palepale kwenye wastani. Walio mbali na wastani ndio wanaoamua r, na Excel haitakuonyesha hilo.

Kwenye Excel fomula ni `=CORREL(B2:B7,C2:C7)`. Kwenye R ni `cor.test(x, y)`, ukiongeza `method="spearman"` kwa Spearman. JASP ni programu nyingine ya takwimu, ya bure, na haihitaji kuandika amri. Kwa data hizi rho ya Spearman ni −0.81. Na tukikumbuka lile swali la tatu la PHQ-9: tuseme kwenye swali hilo A alipata 3, B 2, C 2, D 1, E 0, F 1. Tukiliondoa, r inashuka hadi −0.78. Si mporomoko, lakini sasa tunajua ni kiasi gani kilitokana na usingizi kujilinganisha na wenyewe.

Hatua ya 7: Mtu wa saba

Anaongezeka mshiriki G. Analala kwa saa 10 kila usiku na PHQ-9 yake ni 20. Kokotoa upya: r imetoka −0.85 ikawa 0.14. Mtu mmoja amegeuza hasi kuwa chanya. Spearman inavumilia kidogo zaidi, ikitoka −0.81 hadi −0.13, lakini nayo imesambaratika. Wanaosema "tumia Spearman, nukta za pembezoni hazitakusumbua" wanatia chumvi.

Mshawasha wa kwanza ni kumfuta G. Usimfute bado. Rudi kwenye fomu yake: huenda aliandika 10 akimaanisha saa nne usiku alipopanda kitandani, na hilo likithibitika, linasahihishwa. Lakini kama ni kweli analala kwa muda wa saa kumi, G hana kosa. Sonona huwanyima wengine usingizi na huwafanya wengine walale kupita kiasi, na ndiyo maana swali lile la tatu lina pande mbili. Kumbe huenda uhusiano halisi ni mkunjo: alama ziko juu kwa wanaolala kidogo mno, zinashuka katikati, zinapanda tena kwa wanaolala mno. Hapo si Pearson wala Spearman vinavyofaa. Tumia rigresheni yenye kipeo cha pili (mbinu inayopitisha mkunjo badala ya mstari mnyoofu katikati ya nukta), na utafute watu zaidi wa upande wa saa nyingi, kwa sababu G mmoja hathibitishi mkunjo. Nukta ikibaki haieleweki, ripoti matokeo pamoja nayo na bila yake. Kinachokatazwa ni kuamua kumtoa mtu baada ya kuona r imeharibika.

Hatua ya 8: Weka masafa ya uhakika

Tukirudi kwa watu sita wa mwanzo, p ni 0.034. Thamani ya p inajibu swali dogo: kama kwenye jamii nzima hakuna uhusiano wowote, r kubwa kiasi hiki au zaidi ingejitokeza mara ngapi kwa bahati? Haikuambii uhusiano ni mkubwa kiasi gani, wala uwezekano kwamba nadharia yako ni sahihi.

Masafa ya uhakika, yaani namba mbili ambazo uhusiano halisi huenda uko kati yake, yanasema zaidi. Kwenye Excel, geuza r kuwa z ya Fisher (mgeuzo wa r unaorahisisha hesabu hii) kwa `=FISHER(-0.845)`, unapata −1.24. Kosa sanifu (kiasi z inavyoweza kuyumba kwa bahati) ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha (idadi ya watu ukitoa 3). Kwa watu sita ni 0.577. Zidisha kwa 1.96, ongeza na utoe kwenye z, kisha rudisha kila ncha kwa `=FISHERINV()`. Masafa ya asilimia 95 yanatoka −0.98 hadi −0.11. Yaani data zetu zinakubaliana na uhusiano wa karibu kamili, na zinakubaliana pia na uhusiano mwembamba usio na faida kwa mtu yeyote. Yule aliyefurahia p ya 0.034 atulie kidogo.

Hatua ya 9: Pima ukubwa, na ujizuie kusema sababu

Mwanasaikolojia Jacob Cohen alipendekeza 0.10 iitwe ndogo, 0.30 ya kati na 0.50 kubwa, na mwenyewe alisisitiza ni viwango vya kushikilia pale usipokuwa na kingine. Mwaka 2016 watafiti Gignac na Szodorai, baada ya kupitia tafiti za tofauti za watu binafsi, walipendekeza 0.10, 0.20 na 0.30. Mimi napendelea kulinganisha na tafiti zilizopima kigeu hichohicho kwa chombo hichohicho. Kipeo cha pili cha r pia husaidia kushusha mori: r ya 0.30 inamaanisha asilimia 9 tu ya utofauti wa kigeu kimoja inaelezwa na kingine.

Kuhusu sababu, kila mtu anakijua kile kionyo kwamba uhusiano si sababu, na bado vitenzi vinatoroka. "Usingizi mchache unaongeza sonona" ni dai la sababu. Sonona inaweza kuwa ndiyo inayofukuza usingizi. Maumivu ya muda mrefu yanaweza kuleta vyote viwili. Pitia rasimu yako utafute "huathiri", "huongeza", "hupunguza", "hupelekea", na uweke "wenye usingizi mchache walikuwa na".

Hatua ya 10: Ripoti

Sentensi ya matokeo ibebe kipimo kilichotumika, idadi ya watu, r, masafa ya uhakika na p. Namba kwenye mabano baada ya r ni idadi ya watu ukitoa 2. Kwa mfano wetu: "Washiriki sita walijaza PHQ-9 na kuripoti saa za usingizi. Waliolala saa chache walikuwa na alama kubwa zaidi, r(4) = −0.85, masafa ya uhakika ya asilimia 95 [−0.98, −0.11], p = 0.034. Bila swali la usingizi, r ilikuwa −0.78." Chini yake weka mchoro wa mtawanyiko, uthabiti wa kila kipimo, idadi ya walioachwa nje kwa majibu pungufu na namna ulivyowashughulikia, pamoja na jozi nyingine zote ulizozijaribu, hata zile ambazo hazikutoa kitu.